Nilisogeza Mshale Siku Nne

Kama ulikaa bweni letu muhula wa pili mwaka jana, huhitaji kusimuliwa habari ya maji. Ilikuwa masika. Nje mvua inamwagika mpaka njia ya kafeteria imegeuka kijito, ndani mabomba yanakoroma tu. Tulikuwa tunakinga maji ya paa kwa ndoo. Wapo waliokuwa wanaoga saa tisa usiku, kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo bomba la ghorofa ya chini lilitoa uzi mwembamba wa maji. Mimi nilikaa ghorofa ya tatu, na huko hata huo uzi hatukuuona.

Siandiki kulalamikia maji, maana yalisharudi. Naandika kwa sababu ya grafu niliyoichora wakati ule, na hasa mshale mmoja uliokuwa juu yake. Wengi mliiona. Ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki nzima, na wengine mliiweka hadi kwenye status. Grafu hiyo ilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa langu. Sikuwahi kulisema mbele ya watu wengi kama walioiona ile picha, kwa hiyo nalisema hapa.

Nasoma takwimu. Mwezi Februari mwalimu alitutaka kila mmoja akusanye data zake mwenyewe, zisizopungua siku 60, kisha azichore kwa Python. Wenzangu walichagua bei ya nyanya sokoni au idadi ya daladala zinazopita getini. Mimi nilichagua tangi la juu la bweni, na ukweli ni kwamba nilifanya hivyo kwa uvivu: lilikuwa ngazi moja tu kutoka mlangoni kwangu. Pembeni mwa tangi lile kuna mpira mwembamba unaoonyesha maji ya ndani yamefika wapi. Nikachukua rula na kalamu ya wino mzito, nikaweka alama kila sentimita 10. Kuanzia tarehe 1 Machi, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, napanda, nasoma, naandika. Nilimaliza siku ya 60, tarehe 29 Aprili.

Mwezi wote wa Machi maji yalicheza kati ya sentimita 110 na 130. Tarehe 30 yalikuwa 118. Tarehe 31 nikasoma 96, nikadhani nimekosea, nikarudia. Tarehe 1 Aprili 71. Tarehe 2, 52. Tarehe 3, 44. Baada ya hapo, mpaka namaliza kupima, hayakuvuka 50 hata siku moja.

Namba hizi zishike kidogo, hasa hiyo tarehe 31 na hiyo tarehe 3.

Kazi ya kuchora niliifanya kwa Matplotlib, maktaba ya Python ambayo karibu kila anayechora data kwa lugha hiyo huanza nayo. Mstari wa bluu ulikuwa maji. Nikaongeza mstari mwekundu wa vidoti kwenye sentimita 80, kwa sababu nilishaona kwamba tangi likisoma chini ya hapo asubuhi, kufikia jioni mabomba ya juu yamekauka. Juu ya mstari huo, upande wa kulia, nikaandika maneno: "Chini ya hapa, jioni hakuna maji." Nikaridhika.

Waziri wa malazi wa serikali yetu ya wanafunzi ni mshkaji wangu tangu mwaka wa kwanza. Akaiona kwenye laptopu yangu, macho yakamtoka.

"Bana, hii ndiyo tunayoitaka! Kesho kutwa tuna kikao na watu wa majengo. Ila mtu wa kawaida hataielewa hivi hivi. Weka mshale. Onyesha pale fundi alipobadili ratiba."

Hapa nieleze kwa ambao hawakuwepo. Tulikuwa na fundi wa pampu, mzee mmoja ambaye sote tulimwita Mzee tu. Hakuwa mwajiriwa, alikuwa kibarua analipwa kwa siku. Kazi yake ilikuwa kuwasha pampu inayovuta maji kutoka tangi la chini ya ardhi kwenda tangi la juu, asubuhi na jioni. Mwezi Aprili akabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo: kuanzia sasa pampu itawashwa mara moja tu kwa siku, asubuhi. Karatasi ilikuwa na tarehe 3 Aprili. Bweni zima likajua mchawi ni nani.

Mimi pia nilijua. Ndiyo maana sikumuuliza mtu.

Sasa, mshale wenyewe. Kwenye Matplotlib, maelezo yenye mshale yanawekwa kwa amri inayoitwa annotate. Unaipa maneno yako, halafu mahali pawili. Pa kwanza panaitwa xy: hapo ndipo ncha ya mshale inapoelekea. Pa pili panaitwa xytext: hapo ndipo maneno yanapokaa. Halafu kuna arrowprops, kama kapu dogo ambamo unaeleza mshale uweje: rangi, unene, kichwa, unyooke au upinde.

Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Mshale wa kwanza ulitoka mnene na mweusi kama wa kibao cha barabarani. Nikajifunza kuuchonga: width kwa unene wa mti wake, headwidth kwa upana wa kichwa, headlength kwa urefu wa kichwa. Bado haukunipendeza. Nikaona mfano wa mtu aliyetumia arrowstyle akapata mshale mwembamba wa kistaarabu, nikachomeka arrowstyle yangu kwenye kapu lilelile. Programu ikagoma na mistari myekundu kibao, ikisema haimjui huyo headwidth.

Ilinichukua karibu saa nzima kuelewa, na wewe unayefanya utafiti wa mwaka wa mwisho nakuokolea hiyo saa. Mishale ya annotate ina koo mbili. Ukiacha kutaja arrowstyle, unapata mshale wa kawaida, na huo ndio unaokubali width, headwidth na headlength. Ukitaja arrowstyle, umehamia ukoo wa pili, na hizo tatu hazina kazi tena. Huko ukubwa wa kichwa unauandika ndani ya jina la mtindo wenyewe, kwa mfano '-|>,head_length=0.8,head_width=0.4', na vipimo hivyo vinazidishwa na kitu kinachoitwa mutation_scale, ambacho usipokigusa kinafuata ukubwa wa herufi zako. Ukichanganya koo hizi mbili, hakuna ndoa.

Nikapata mshale mzuri: mwembamba, kichwa kidogo kilichojaa. Maneno, "Ratiba mpya ya pampu yaanza," nikayaweka juu kulia, palipokuwa peupe. Ncha nikaielekeza kwenye siku ya 34, yaani tarehe 3 Aprili, sentimita 44. Hiyo ilikuwa kweli tupu.

Lakini ilikuwa mbaya kuitazama. Mshale ulishuka kutoka juu, ukakata mstari mwekundu, ukapita katikati ya maneno yangu ya "jioni hakuna maji" kama msumari. Nikajaribu kuyasogeza maneno ya mshale, yakagongana na kichwa cha grafu. Nikajaribu kubana mhimili wa chini uanze katikati ya Aprili ili kupunguza msongamano, mshale na maneno yake vikatoweka kabisa bila hata onyo. Baadaye nilijua kwamba hiyo nayo ni tabia yake: ncha ikiwa inahesabiwa kwa data na ikaangukia nje ya eneo la grafu, maelezo yote hayachorwi, isipokuwa uweke annotation_clip kuwa False. Wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba ni saa saba usiku, bando limebaki kidogo, na kikao ni kesho yake saa nne.

Ndipo nikafanya nililofanya. Kwenye mstari uliosomeka xy=(34, 44), nikafuta, nikaandika xy=(30, 118).

Mshale ukaruka juu, ukakaa begani mwa grafu, pale ambapo mstari wa bluu unaanza kuporomoka. Haukukata kitu. Ulikuwa mfupi, safi, na ulipendeza kweli. Nikasema moyoni, si palepale tu? Nikahifadhi picha, nikamrushia waziri, nikalala.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi mdogo. Walikuwepo mama mlezi wa bweni, afisa mmoja wa majengo, sisi wanafunzi kama themanini, na Mzee, amesimama nyuma kabisa karibu na mlango, kofia mkononi. Waziri akawasha projekta. Grafu yangu ikajaa ukuta.

"Waheshimiwa, mnaona wenyewe," akasema. "Mshale huu hapa. Ratiba mpya yaanza, maji yaporomoka."

Ukumbi ukalipuka makofi. Nami nilipiga makofi, nisiwadanganye.

Afisa akageuka. "Mzee, unasemaje?"

Mzee akaja mbele polepole. Hakumwangalia mtu, aliangalia ukuta. Akaweka kidole penye ncha ya mshale, kivuli cha mkono wake kikaziba nusu ya Aprili.

"Hapa ni tarehe ngapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mhimili ulikuwa na namba za siku, 0, 10, 20, 30, haukuwa na tarehe. Mimi ndiye pekee ukumbini niliyejua kwamba kidole chake kipo tarehe 30 Machi.

"Mimi karatasi nilibandika tarehe tatu," akasema. "Maji yalishaanza kupungua kabla. Ndiyo maana nikapunguza kuwasha. Ningesukuma nini? Upepo?"

Watu wakacheka. Afisa naye akatabasamu, akasema jambo ambalo bado nalisikia: "Mzee, kompyuta haidanganyi."

Ikaamuliwa Mzee apumzike nyumbani kwanza, atafutwe fundi mwingine, na kikao kirudi Jumatatu. Kwa kibarua, kupumzika nyumbani maana yake unaijua. Akavaa kofia yake, akatoka. Mimi nilikuwa safu ya pili, na sikusema kitu.

Nikarudi chumbani nikafungua faili. Sijui nilitegemea kukuta nini, labda kosa la programu, kitu cha kulaumu. Nikakuta mkono wangu: xy=(30, 118). Hakuna aliyeingilia faili langu. Data zilikuwa sahihi zote 60, mstari wa bluu ulikuwa sahihi, na tarehe ya karatasi ya Mzee niliijua. Lakini hakuna aliyesoma mstari wa bluu. Watu themanini walisoma mshale, na ulisema kwamba ratiba ilianza kabla maji hayajashuka.

Nilijitetea sana jioni ile. Kwamba ni siku nne tu. Kwamba huenda Mzee ana makosa mengine. Kwamba nikisema, waziri ataaibika, na mimi nitaitwa mtu aliyepika data, na hii ni kazi ya kozi, ina alama. Mwenzangu wa chumbani anasoma uhasibu. Nikamweleza kama vile namsimulia habari ya mtu mwingine. Alikuwa anapiga pasi, hakugeuka hata.

"Mhasibu akisogeza tarehe ya risiti kutoka mwezi wa nne kwenda mwezi wa tatu ili kitabu kipendeze, huyo anaitwaje?"

Sikumjibu. Nikavuta kiti.

Usiku ule nilichora upya, na ndio usiku niliouelewa mshale. Kitu cha kwanza nilichokielewa ni kwamba xy si mali yangu, ni ya data. xytext ndiyo mali yangu: maneno naweza kuyaweka popote panapopendeza, wala hakuna anayedanganyika. Upindo wa mshale, unene, rangi, kichwa, vyote hivyo ni vyangu. Katika orodha yote ile ya mambo ya kurekebisha, kuna moja tu ambalo sina ruhusa ya kuligusa kwa ajili ya urembo, na ndilo hilohilo nililoligusa.

Cha pili, nafasi ilikuwepo muda wote. Nilikuwa nang'ang'ania upande wa juu kulia, wakati chini ya Machi yote, kati ya sifuri na 110, palikuwa peupe kama kiwanja. Nikahamisha maneno ya mstari mwekundu upande wa kushoto. Maneno ya ratiba nikayashusha chini, karibu na siku ya 12, sentimita 30. Kutoka hapo mshale unakwenda kulia, unafika siku ya 34 ukitokea chini, hauukati mstari wa bluu wala mwekundu. Nikaupinda kidogo kwa connectionstyle, nikaandika 'arc3,rad=0.2'. Hiyo rad inaeleza upindo: namba inavyokuwa kubwa ndivyo mshale unavyozidi kujipinda, sifuri ni mnyoofu, na ukiweka alama ya kutoa unapindia upande wa pili. Kwa mshale unaokwenda kulia, 0.2 inamfanya atumbukie kidogo chini halafu apande, kama kamba ya kuanikia nguo iliyolegea.

Cha tatu, nilitaka ncha isiifunike nukta yenyewe. Kumbe si lazima uhamishe xy kwa hilo. Kuna shrinkB, ambayo inaifanya ncha isimame hatua kidogo kabla ya kufika, ikiendelea kuelekea palepale. Inahesabiwa kwa pointi, zile ambazo 72 zinatimiza inchi 1, na yenyewe huanza na 2. Nikaweka 6. Nukta ya tarehe 3 Aprili ikaonekana nzima, na mshale ukaiheshimu kwa mbali.

Cha nne, nikaacha kuandika xy kwa mkono. Nikaandika msimbo unaotafuta tarehe kwenye jedwali na kuchukua kiwango cha maji cha siku hiyo wenyewe. Hivyo ncha inashikwa na data, na mimi saa saba usiku, mwenye usingizi na haraka, sina pa kuishika. Mhimili nao nikaubadili, ukaonyesha tarehe badala ya namba za siku, ili siku nyingine mtu akiuliza "hapa ni tarehe ngapi?" ukuta umjibu.

Mwisho nikaongeza mshale wa pili, na huu ndio ulioniumiza zaidi kwa sababu ulipaswa kuwepo tangu mwanzo. Nikauelekeza tarehe 31 Machi, sentimita 96, nikaandika: "Maji yaanza kushuka. Sababu haijajulikana."

Aliyeianzisha Matplotlib ni Mmarekani, John Hunter, mtafiti wa ubongo. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2003. Alikuwa anashughulika na mawimbi ya umeme wa ubongo wa wagonjwa wa kifafa, akahitaji chombo cha kuyaona. Alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 44 tu. Habari hiyo tuliipata darasani, nikaiandika pembeni mwa daftari kama jambo la kujibia mtihani. Usiku ule ikanirudia kwa namna nyingine. Mtu aliyetengeneza vifaa hivi alikuwa anatazama mistari ya vichwa vya wagonjwa. Kwenye mstari wa namna ile, sidhani kama kuna mtu angethubutu kusogeza mshale ili upendeze.

Asubuhi nikamfuata mama mlezi na karatasi mbili mkononi, ya zamani na mpya. Nikamwamkia, nikazilaza mezani, nikamwambia ile ya jana mshale wake niliusogeza mimi, kwa siku nne, kwa sababu ulikuwa unakata maneno. Akaziangalia kwa muda mrefu. Nilitegemea ukali.

"Kwa hiyo alichosema mzee wa watu ni kweli."

"Ni kweli, mama."

"Na wewe ulikuwepo pale anasema."

"Nilikuwepo."

Hakuongeza neno. Akachukua simu. Ningependa angenifokea.

Mzee nilimkuta siku ya tatu yake nyumbani, alipoitwa aje. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha pampu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari ya ncha na maneno, ila mbele yake zote zilionekana za kitoto, nikasema tu kwamba mimi ndiye niliyechora ile picha na niliichora vibaya. Akanyamaza. Kisha akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lenye jalada lililochoka. Kila siku aliyowasha pampu aliandika saa na neno moja mawili. Akanitafutia ukurasa. Tarehe 31 Machi, kwa mwandiko wa kalamu ya risasi: tangi la chini nusu, pampu inavuta hewa.

Fundi yeyote anajua kwamba pampu ya maji ikiendelea kuvuta hewa inaungua. Alipunguza kuwasha ili kuiokoa, na ili kile kidogo kinachoingia kipate muda wa kujikusanya. Aliwahi kuripoti kwa mdomo. Hakuna aliyeandika.

Sasa kwa kuwa kulikuwa na tarehe ya kuanzia, watu wa majengo walifungua mfuniko wa tangi la chini. Boya, lile linalopanda na maji na kufunga valvu tangi likijaa, lilikuwa limekwama juu. Maji ya bomba kuu yalikuwa yanaingia kwa kuchuruzika tu. Kazi ya kulirekebisha haikumaliza asubuhi moja. Kozi yangu ilishaisha, lakini tarehe 6 Mei nilipanda tena ngazi saa kumi na mbili. Mpira ulisoma sentimita 121.

Mzee alirudishwa kazini. Siku tatu zake hazikulipwa na mtu, kwa sababu kibarua asipofika hajafanya kazi, ndivyo kanuni inavyosema. Bumu lilipotoka nilimpelekea kiasi. Alikataa, nikasisitiza, akachukua nusu. Halafu akaniambia, bila hasira kabisa: "Siku nyingine kabla hujachora, njoo uniulize. Mimi nipo hapa kila siku."

Nimejifunza mengi kwenye kozi ile, na alama zangu zilikuwa nzuri. Lakini jibu la swali langu zima lilikuwa kwenye daftari la kalamu ya risasi, hatua mia kutoka kwenye tangi nililolipima siku 60, na sikuwahi kwenda kuuliza.

Wenzangu mnaoandika tafiti msimu huu, mtachora mishale mingi, maana msimamizi atawaambia grafu haisemi kitu. Ni kweli, mshale unasaidia. Ila kumbukeni kwamba mtu akiitazama grafu yenu hatasoma data zote, atafuata kidole chenu. Chezeni na maneno, rangi na upindo mpaka mchoke. Ncha iacheni kwenye nukta yake. Na kama mshale wenu unamwelekea mtu, mpeni nafasi ya kuuliza ni tarehe ngapi kabla hamjauweka ukutani.

Ombi la mwisho. Ile grafu ya kwanza bado inazunguka, wiki iliyopita nimeiona kwenye grupu la mwaka wa kwanza, mtu ameandika chini yake "hivi ndivyo wanavyotufanyia." Ukikutana nayo utaitambua kwa mshale mmoja mzuri juu kulia. Tafadhali ifute. Ya pili ina mishale miwili, na si nzuri sana kuitazama. Nitumie ujumbe, nitakupa.